Ufundi Stadi Mbeya na Iringa: Njia Zilizo Wazi kwa Vijana Wetu

Matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, familia nyingi za Mbeya na Iringa hujikuta njia panda. Kijana hakupata alama za kuendelea na kidato cha tano, na wazazi huuza magunia ya mahindi au viazi ili wamtafutie chuo chochote kitakachompokea. Haraka hiyo hupoteza fedha na miaka. Tunawaeleza hapa waamini njia zilizopo na mambo ya kupima kabla ya kulipa ada.

Vyuo vya VETA

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo vyake mjini Mbeya na Iringa. Mafunzo yamepangwa katika ngazi tatu, na kila ngazi ina cheti chake. Kozi ndefu kwa kawaida huanza Januari, na maombi hupokelewa miezi kadhaa kabla. Mzazi anayesubiri matokeo ndipo aulizie huwa amekwisha kuchelewa. Tuanze kuuliza kijana akiwa bado darasani.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi

Vyuo hivi vilianza mwaka 1975. Kwetu vipo, kwa mfano, Nzovwe jijini Mbeya na Ilula mkoani Iringa. Humfaa hata yule aliyeacha shule mapema. Mpango wa Elimu Haina Mwisho umewafungulia milango mabinti waliokatishwa masomo, wakiwemo kina mama vijana. Familia isimfungie binti ndani kwa aibu wakati njia ya kujifunza ipo.

Vyuo vya Kanisa

Mwaka 1853, Mtakatifu Yohane Bosco alianzisha huko Torino, Italia, karakana za viatu na ushonaji kwa vijana maskini. Wanawe wa kiroho, Wasalesiani, waliofika Tanzania mwaka 1980, wanaendeleza kazi hiyo Iringa kwa kufundisha ufundi na malezi pamoja.

Ngazi za juu

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kilianza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi, na hadi leo hutoa stashahada pamoja na shahada. Kwa wapendao kilimo, kipo chuo cha Uyole.

Fundi aliyejifunzia kazini

Wapo mafundi waashi, seremala na makanika wenye ujuzi wa miaka mingi lakini hawana cheti, na kwa sababu hiyo hupitwa na kazi kubwa. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wao: fundi hupimwa kwa vitendo, hufundishwa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti.

Kabla ya kulipa ada

Kwanza, tuhakikishe kwamba chuo kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Pili, tuingie karakana na kuona kama kuna zana na kama wanafunzi wanazishika. Tatu, tuulize gharama yote, pamoja na vifaa na chakula. Nne, tuwatafute wahitimu na kuwauliza wanafanya kazi gani sasa.

Baada ya mafunzo

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hutolewa zaidi kwa vikundi. Hapa VIWAWA na jumuiya ndogondogo zinaweza kuwasaidia vijana kuungana na kuaminiana.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi hupata heshima yake kutokana na mwanadamu anayeifanya. Mwana wa Mungu mwenyewe alilelewa katika nyumba ya seremala. Basi tusimpeleke kijana ufundini kana kwamba tunamwadhibu kwa kufeli. Tumpeleke mapema, tumchagulie chuo kwa makini, na tumsindikize kwa sala.