Mbio za Christchurch, 1974

Mwezi wa Aprili, 1973, Norman Kirk, Waziri Mkuu wa New Zealand, aliwaandikia wakuu wa chama cha raga cha nchi yake kuwataka waahirishe mwaliko waliokwisha kuwapelekea Makaburu wa Afrika ya Kusini. Na ingawa kabla ya uchaguzi uliomtia madarakani alikuwa ameahidi kwamba serikali yake haitaingilia ziara hiyo, alipoyapima yaliyokuwa mbele yake aliona ni afadhali avunje ahadi na kulaumiwa na wapenzi wa raga, ambao katika nchi ile ni karibu watu wote, kuliko kuona fujo katika miji yake, na kuiona Michezo ya Jumuiya ya Madola, iliyokuwa ifanyike mjini Christchurch Januari iliyofuata, ikisusiwa na mataifa ya Afrika na wenzao. Ni nadra barua hiyo kutajwa katika tarikhi ya riadha. Lakini kama haikuandikwa, mbio ninazokusudia kuzisimulia zisingalikimbiwa, au zingalikimbiwa na watu wengine.

Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, upande wa Arusha, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, alikuwa na umri wa miaka 20 alipowasili Christchurch. Mwaka 1972 alikuwa amekwenda Munich kwenye Michezo ya Olimpiki, akashindwa katika raundi za mwanzo za mita 1500 na za kuruka viunzi na maji pia, akarudi nyumbani bila ya mtu wa mbali kulishika jina lake. Miezi michache baadaye, Januari 1973, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Lagos, alimshinda Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968, katika mita 1500, na wale waliodhani kwamba Keino amezeeka tu walipata jibu lao Ulaya majira ya joto yaliyofuata, pale kijana huyu alipoonyesha tabia moja iliyowaudhi wakimbiaji na kuwafurahisha watazamaji: bastola ikilia, huondoka mbele, na huko mbele ndiko hukaa.

Haikuwa desturi. Katika masafa ya mita 1500, ambayo ni mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja, anayetangulia hukata upepo kwa niaba ya wote, hubeba mashaka ya kutojua nani anamkaribia, na aghalabu hupitwa katika mita mia za mwisho na mtu aliyepumzika mgongoni mwake tangu mwanzo. Kwa hiyo katika fainali kubwa wenye akili husubiriana, na anayekwenda mbele kwa kasi, kama si mpumbavu, basi huwa ni mtumishi wa mwingine. Mfano mashuhuri ulikuwa ule wa Olimpiki ya Mexico, 1968, ambapo Ben Jipcho wa Kenya, wakati huo akiwa bado hajulikani, alikwenda mzunguko wa kwanza kama aliyefukuzwa ili amchoshe Jim Ryun wa Marekani, na Keino akachukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 34.91, ilhali Jipcho mwenyewe alimaliza wa kumi. Sasa, mwaka 1974, Jipcho yule yule alikuwa amekwisha kutwaa dhahabu mbili Christchurch, ya mita 5000 na ya viunzi na maji, na amekuja kuitafuta ya tatu. Safari hii hamtumikii mtu.

Fainali ilikimbiwa tarehe 2 Februari, siku ya mwisho ya michezo, katika uwanja wa Queen Elizabeth II Park. Bayi aliondoka kama ilivyotarajiwa, akapita mita 400 kwa sekunde 54.9, na mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 52.2, nyuma yake pakiwa na pengo ambalo kila mtu uwanjani aliliona kwa macho na hakuna mkimbiaji aliyethubutu kulijaza peke yake. Katika mita 400 zilizofuata mwendo ukapungua. Alipofika mita 1200 saa ilisoma 2:50.8, na wale wa nyuma, wakiongozwa na matumaini, wakaanza kusogea, miongoni mwao John Walker, kijana wa New Zealand mwenye nywele ndefu na kifua kipana, aliyekuwa akishangiliwa na uwanja mzima. Kwenye kona ya mwisho Bayi aligeuza shingo, akatazama, akarudisha uso mbele. Walker alikuja kwa nguvu zake zote katika mstari ulionyooka, akazidi kukaribia, lakini hakumfikia.

Saa ilionyesha 3:32.16. Rekodi ya dunia ilikuwa 3:33.1, na Ryun alikuwa ameishika tangu 1967. Walker, aliyeshindwa, naye aliivunja kwa 3:32.52, na Jipcho, wa tatu, aliikosa kwa chembe ya sekunde. Wa nne alikuwa Rod Dixon wa New Zealand, wa tano Graham Crouch wa Australia, na huyo wa tano alikimbia kwa 3:34.22, wakati ambao ungalimpa dhahabu ya Mexico.

Wapo waliosema siku zile, na wapo wasemao hata leo, kwamba Bayi alikimbia bila hesabu, kama mtoto anayetoka mbio kwa furaha ya kutoka mbio. Mimi sikubaliani nao, na hoja yangu imo katika takwimu zenyewe. Mita 400 za pili alizipita kwa sekunde 57.3, za tatu kwa 58.6, lakini mita 300 za mwisho alizikata kwa sekunde 41.4 hivi, mwendo ambao kama angaliushika kwa mita 400 ungalikuwa kama sekunde 55. Yaani alipunguza alipotaka, akawaacha wenziwe watumie pumzi zao kuliziba pengo, kisha walipodhani wamempata akaongeza tena. Aliyefanya hivi alijua afanyalo, na alilifanya katika fainali, bila ya mweka kasi wa kumsaidia.

Mwaka uliofuata ushindani wa Bayi na Walker ulizidi utamu. Mwezi wa Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi alichukua pia rekodi ya maili kwa 3:51.0, na Agosti ya mwaka huo huo, mjini Göteborg, Walker akamnyang'anya kwa 3:49.4, akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika 3 na sekunde 50. Kila aliyependa riadha alihesabu miezi hadi Olimpiki ya Montreal, Julai 1976.

Lakini Kirk alikuwa amefariki Agosti 1974, na Robert Muldoon aliyeshika serikali mwishoni mwa 1975 hakuwa na nia ya kuandika barua ya namna ile. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda Afrika ya Kusini mwaka ule ule ambao polisi wa Makaburu waliwapiga risasi wanafunzi wa Soweto. Na Kamati ya Olimpiki ilipokataa kuiadhibu New Zealand, kwa hoja kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, mataifa zaidi ya 20, aghalabu ya Afrika, yaliacha kushiriki. Tanzania, ambayo mji wake wa Dar es Salaam ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika, isingaliweza kwa heshima yoyote kutenda kinyume cha hayo. Naliamini hilo, na naliamini pia kwamba gharama yake iliwaangukia watu wachache mno, wenye miguu ambayo haingojei miaka minne. Ni haki kuongeza kwamba Bayi aliugua malaria karibu na wakati ule, na hakuna awezaye kuapa kwamba angalishinda. Walker alishinda Montreal kwa 3:39.17, baada ya fainali ya kusubiriana ya namna ile ya zamani, wakati ambao ni takriban sekunde saba nyuma ya ule alioshindwa nao Christchurch.

Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edmonton, 1978, Bayi alipata fedha, akipitwa na David Moorcroft wa Uingereza karibu kabisa na mstari. Katika Olimpiki ya Moscow, 1980, alirudia viunzi na maji, akaongoza sehemu kubwa ya mbio kwa mtindo wake ule ule, hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipompita katika mzunguko wa mwisho. Fedha yake hiyo, pamoja na ile ya Suleiman Nyambui katika mita 5000, ndizo nishani ambazo Tanzania ilirudi nazo. Rekodi yake ya dunia ya mita 1500 ilivunjwa na Sebastian Coe mwaka 1979. Ile ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, iliyowekwa siku moja na hiyo, ilikaa miaka 48, hadi Agosti 2022 mjini Birmingham, ambapo Oliver Hoare wa Australia alikimbia kwa 3:30.12.