Joto la injini na hatari ya moto: Funzo la magari ya kasi kwa madereva wa Kasese na Bwera

Ni nadra kuona Ferrari ikipita kati ya Kasese na Bwera. Njia hiyo ni ya teksi, bodaboda na malori yanayoelekea mpakani Mpondwe. Hata hivyo, moto ulioteketeza magari ya bei ghali ughaibuni ulitokana na mambo yanayoweza kuliunguza gari lolote la abiria: joto kali, kitu kinachoshika moto na kifungio kilicholegea.

Joto hutoka wapi?

Injini ya petroli inapofanya kazi kwa nguvu, moshi wake huweza kupita nyuzi 800 za Selsiasi. Bomba la moshi na katalisti, yaani kifaa cha kusafisha moshi huo, hupata joto kali mno. Plagi moja isipochoma vizuri, petroli isiyoungua huingia kwenye katalisti na kuwakia humo, hata chuma kikawa chekundu. Mafuta ya injini nayo, ambayo wengi huyadhania hayana hatari, huwaka yakidondokea bomba lililopata moto.

Ndiyo maana watengenezaji huweka kinga ya joto: bati jembamba, au kitambaa kisichoungua, kati ya bomba na sehemu nyingine za gari. Katika gari la McLaren F1 la miaka ya 1990, chumba cha injini kilifunikwa kwa karatasi nyembamba ya dhahabu, kwa kuwa dhahabu hurudisha joto lilikotoka.

Kinga ikiwa chanzo cha moto

Septemba 2010, kampuni ya Ferrari iliyaita magari 1,248 aina ya 458 Italia baada ya kadhaa kuungua. Ilibainika kuwa gundi iliyoshikilia kinga ya joto karibu na magurudumu ya nyuma iliweza kupata joto na kuwaka. Dawa ilikuwa kuiondoa gundi hiyo na kukaza kinga kwa vifungio vya chuma.

Mwaka 2014, Porsche iliamua kubadilisha injini za magari 785 aina ya 911 GT3 baada ya mawili kuungua barani Ulaya. Boliti za konrodi zilikuwa zimelegea, injini ikatoboka na mafuta yaliyomwagika yakawaka.

Yanayohusu barabara ya Bwera

Bati la kinga likianza kupiga kelele kwa sababu ya mashimo, lisitupwe. Fundi alikaze upya kwa boliti au waya wa chuma, si kwa gundi wala kamba ya plastiki. Mipira ya petroli iliyopasuka na mafuta yanayovuja yashughulikiwe kabla ya safari.

Kutoka Kikorongo kuelekea Katwe, barabara hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Wakati wa kiangazi, gari lisiegeshwe juu ya nyasi kavu. Katika mashindano ya Ureno mwaka 2016, gari la Hyundai la Hayden Paddon liliacha njia, nyasi zikashika moto na gari likateketea. Dereva na msaidizi wake walinusurika.

Moto ukizuka

Simamisha gari, zima injini na uwashushe abiria wote kwanza, mizigo ibaki. Usifungue boneti wazi, kwani hewa huuongezea moto nguvu. Kizimamoto cha unga hufaa moto ungali mdogo. Maji yasimwagwe juu ya petroli inayowaka, kwa kuwa huisambaza.

Lori la mafuta likianguka, watu wakae mbali nalo. Agosti 2019, lori la namna hiyo liligonga magari mengine na kulipuka Kyambura, wilayani Rubirizi, kwenye barabara itokayo Mbarara kwenda Kasese. Watu zaidi ya kumi walipoteza maisha.