Kijana wa Kioo: Persepolis na Kumbukumbu ya Warwick Junction

Tarehe 13 Januari 1949, katika Mtaa wa Victoria mjini Durban, karibu na makutano yaitwayo leo Warwick Junction, mvulana Mwafrika wa miaka 14 aligombana na kijana msaidizi wa duka la Mhindi. Mwenye duka akampiga. Kichwa cha mvulana kikavunja kioo cha dirisha. Ghasia zilizofuata ziliua watu 142: Waafrika 87, Wahindi 50, Mzungu mmoja, na wanne wasiotambuliwa. Nyuma yake kulikuwa na ubaguzi, ufinyu wa makazi na ushindani wa biashara. Lakini masimulizi mengi humfanya mvulana njiti ya kiberiti, kisha yakamwacha.

Filamu ya katuni Persepolis (2007), ya Marjane Satrapi na Vincent Paronnaud, humtendea mtoto kinyume chake. Mapinduzi ya Iran ya 1979 na vita na Iraki huonekana kwa macho ya msichana anayebishana na Mungu chumbani mwake. Wakati uliopo, uwanjani Orly, una rangi. Utoto, kwa mbinu rejeshi, ni mweusi na mweupe. Wengi huuona weusi huo kuwa maombolezo. Labda. Kazi yake kubwa zaidi ni kuondoa upekee wa nchi: uso uliochorwa kwa mistari michache huweza kuwa wa jirani wa yeyote.

Ila nguvu ya usawiri imo katika aibu. Akiwa amejipamba, Marjane anawaona walinzi wa maadili. Ili ajinusuru, anamsingizia mwanamume asiye na hatia kuwa amemtusi, naye anakamatwa. Anamsimulia bibi yake akicheka. Bibi, yule anayeweka maua ya yasmini kifuani, anamkaripia vikali. Hapo mhusika anakua: amedhulumiwa, naye amedhulumu.

Hicho ndicho kinachokosekana kwa wale vijana wawili wa Mtaa wa Victoria. Mmoja amebaki kisababu, mwingine karibu hatajwi. Tawasifu ingewadai wote wawili makosa na kicheko chao, nayo ingemsumbua msomaji anayetaka upande mmoja wa kuuhurumia.

Mandhari haijatoweka. Soko la Asubuhi la Warwick, lililofunguliwa 1934, lilikuwapo usiku ule. Mwaka 2009 ulizuka mpango wa kujenga jengo la maduka mahali pake. Wachuuzi, Wahindi na Waafrika, waliupinga pamoja, na mpango ukakwama. Meza zao zingalipo.