Hariri ya mishanana Gisenyi: ijue kabla mkasi haujaingia

Katika biashara ya vitambaa mjini Gisenyi, wilaya ya Rubavu, neno "hariri" hutumika kwa karibu kila kitambaa kinachong'aa na kuteleza. Mara nyingi kinachouzwa kwa jina hilo ni satini au shifoni ya poliesta. Si kosa kuuza poliesta, ila bei yake si ya hariri, na tabia yake kwenye pasi, maji na jua si sawa na ya hariri. Hasara huonekana kwenye mushanana, vazi la heshima la wanawake wa Rwanda ambalo mtandio wake hupita juu ya bega moja. Harusi ikiwa Jumamosi na kitambaa kikaharibika Alhamisi, fundi humlaumu mwuza duka, naye humlaumu mchukuzi.

Kabla ya kulipa, omba nyuzi chache za urefu na chache za upana, uzichome kila upande peke yake, kwa kuwa vipo vitambaa vya mchanganyiko. Hariri huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, moto hujizima, na majivu meusi husagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Reyoni huwaka kama karatasi.

Mizani nayo husaidia. Uzito wa hariri hutajwa kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho mome, na mome 1 ni takriban gramu 4.34 kwa mita ya mraba. Hariri ya mome 19 yenye upana wa sentimita 114 ina gramu 94 hivi kwa mita, yaani jora la mita 50 ni kama kilo 4.7 bila bomba lake. Ukiambiwa mome 19 na jora likapungua kilo nzima, ama kitambaa ni chepesi ama mita hazijatimia.

Kwa wasafirishaji: hariri isafiri imeviringishwa kwenye bomba la karatasi, si kukunjwa chini ya magunia, maana mkunjo uliokandamizwa muda mrefu huchosha nyuzi. Miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba mvua ni nyingi Rubavu, hivyo funga kwa plastiki, lakini ifungue mara ufikapo ili unyevu usibaki ndani. Tone moja la maji laweza kuacha doa. Jua nalo hufifisha rangi na kudhoofisha nyuzi. Jora lisikae siku nzima mlangoni mwa duka kuvutia wateja.

Anayevuka kwenda Goma akumbuke kwamba utaratibu rahisi wa biashara wa COMESA ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Hariri ya China au India haipati msamaha huo kwa sababu tu imenunuliwa Kigali. Katika forodha kitambaa cha hariri kiko kifungu cha 5007, cha nyuzi ndefu za poliesta 5407. Ankara ikiandika "hariri" tu kwa vyote, unajitafutia ubishi. Tangu Goma ilipotwaliwa na M23 Januari 2025, ulizia pia masharti ya upande wa pili kabla ya kupakia.

Sasa kwa fundi. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, ukikaushe kivulini, kisha upime tena. Kikibaki 9.5 kwa urefu, kitambaa kimerudi asilimia 5. Kwa mita 5 ni sentimita 25 zilizopotea, na mteja hakuzihesabu. Kifute pia kwa kitambaa cheupe chenye maji uone kama rangi inachuja. Sampuli ikiwa salama, fua kitambaa chote kabla ya kukata. Mng'ao ukipotea, usikifue: vazi hilo litakuwa la dobi wa draiklini, na mteja aambiwe mapema.

Ukikata, tandika karatasi chini ili kitambaa kisiteleze, na pini zikae ndani ya sehemu ya mshono, kwani tundu halifutiki. Sindano iwe mpya, namba 60 au 70. Pasi iwe ya moto mdogo, upande wa ndani, juu ya kitambaa kikavu cha pamba. Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu tai kwa pasi ya mvuke iliyotema maji.

Hariri ikilowa hupungua nguvu, hivyo isikamuliwe kwa kusokota bali iviringishwe ndani ya taulo. Dawa ya klorini huiyeyusha kabisa. Jasho na manukato pia huila, kwa hiyo blauzi ya mushanana iwekwe bitana kwapani na manukato yapulizwe kabla ya kuvaa.