Aeoni

Aeoni (jina la kisayansi: Aeonium) ni jenasi ya mimea yenye majani manene yanayohifadhi maji, katika familia Crassulaceae. Ina spishi 35 hivi, na nyingi kati yake zina asili ya Visiwa vya Kanari. Spishi moja, Aeonium leucoblepharum, huota pia katika nyanda za juu za Ethiopia, Kenya na Uganda. Majani hujipanga kwa shada la mviringo kwenye ncha ya shina.

Jina lilitolewa mwaka 1840 na Philip Barker Webb na Sabin Berthelot kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "wa milele". Ni sifa iliyozidi kidogo, kwa maana kila shada likishatoa maua hufa, na aina zisizo na matawi hufa mmea mzima. Anayetaka kubaki na mmea wake hana budi kuuzalisha mapema.

Uzalishaji

Njia rahisi ni vipandikizi. Shina hukatwa sentimita 10 hadi 15 chini ya shada kwa kisu kikali na safi. Kipandikizi huachwa kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke. Wakulima wa muhogo hawatashangaa, kwani nao hawana haraka ya kufukia pingili mbichi. Kikipandwa kabla ya kukauka, kuvu huingia na shina huoza kuanzia chini. Udongo uchanganywe na changarawe au mchanga mkavu ili maji yasituame. Mizizi hutokea baada ya wiki chache.

Jani moja pekee, ambalo kwa echeveria hutosha kutoa mmea mpya, kwa aeoni kwa kawaida hunyauka bure. Mbegu ni ndogo kama vumbi, na aina za bustanini hazirudii sura ya mama zikipandwa kwa mbegu. 'Zwartkop', yenye majani ya zambarau yanayokaribia weusi, huendelezwa kwa vipandikizi tu.

Wakati wa baridi

Katika nchi kama Uingereza adui mkubwa ni sakitu. Maji ndani ya majani huganda, seli hupasuka, na asubuhi mmea huwa umelegea kama mboga iliyochemshwa. Hata bustani ya Tresco katika Visiwa vya Scilly, ambako aeoni hukua nje mwaka mzima, ilipoteza sehemu kubwa ya mimea yake kwa theluji na baridi kali ya Januari 1987.

Vyungu huingizwa ndani kabla ya sakitu ya kwanza, mahali penye mwanga mwingi na joto lisilopungua nyuzi 5 za selsiasi. Hapa wengi hukosea kwa kuitendea aeoni kama kakati na kuinyima maji kabisa. Kwao Kanari mvua hunyesha majira ya baridi, na huo ndio wakati wa kukua. Kiangazi mmea hufunga mashada na kulala. Kwa hiyo humwagiliwa kidogo udongo unapokauka, bila kulowesha majani. 'Zwartkop' ikigeuka kijani katikati inakosa mwanga, haiumwi.

Vyungu vikaguliwe kwanza: vidungata hujificha kati ya majani, na lava wa fukusi hula mizizi bila kuonekana, mpaka mmea unapoanguka wenyewe.