Deni la Ghafla na Jina la Kaya: Mikopo katika Base Camp, Nakivale

Deni la ghafla ni lile ambalo kaya haikulitengea wakati wala chanzo cha kulilipa: gharama za ugonjwa, msiba, shamba lililokauka kabla ya mavuno, au dhamana aliyowekewa mtu mwingine ikamgeukia mdhamini. Katika Base Camp, mojawapo ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, pamoja na Juru na Rubondo, deni la namna hii huharibu jina la kaya mahali pawili. Pa kwanza ni katika kumbukumbu za taasisi za fedha. Pa pili ni kwa mwenye duka, wenzao wa kikundi cha akiba na majirani, ambao kumbukumbu zao ziko vichwani au kwenye daftari la kaunta. Maandishi mengi kuhusu madeni hushughulika na pale pa kwanza tu, kwa kuwa yameandikiwa watu wa mshahara. Makala hii inashikilia kwamba kwa kaya ya Nakivale pale pa pili pana uzito zaidi, na mpango wa kulipa uanzie huko.

Sababu imo katika sheria ya ardhi. Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ilianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanaishi humo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Uganda huwapa wakimbizi kiwanja cha kujenga na kulima, jambo lililoipa nchi hiyo sifa duniani. Hata hivyo, chini ya Kanuni za Wakimbizi za 2010, mkimbizi hana haki ya kuuza wala kukodisha ardhi aliyogawiwa. Mali yenye thamani kubwa kuliko zote katika kaya, kwa hiyo, haiwezi kuwekwa rehani. Kinachobaki cha kukopea ni jina.

Mshtuko mkubwa wa miaka ya karibuni ulikuwa wa mgao wa chakula. Mwezi wa Aprili 2020 Mpango wa Chakula Duniani uliupunguza hadi 70% ya kiwango kamili, na Februari 2021 hadi 60%. Mwaka 2023 kaya zikaanza kupangwa kwa makundi ya uhitaji, na Mei 2025 wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda wakaondolewa kwenye msaada huo. Upungufu huu hauna budi kutofautishwa na ugonjwa. Ugonjwa hupiga nyumba moja, na jirani huweza kuikopesha. Mgao ukikatwa, jirani naye amekatiwa. Aidha, mwenye duka alikuwa akitoa unga, mafuta na sabuni kwa deni kwa sababu aliijua tarehe ya ugawaji. Tarehe hiyo ilipopoteza maana, madeni ya kawaida yaliyokwisha andikwa daftarini yaligeuka kuwa madeni ya ghafla, ingawa hakuna aliyeugua wala kufa.

Ugonjwa nao una njia yake. Mgonjwa anayeshindikana katika vituo vya afya vya makazi hayo hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, mwendo wa kilomita zipatazo 60. Matibabu ya hospitali ya serikali hayalipiwi, lakini nauli hulipwa, chakula cha mwuguzaji hulipwa, na dawa iliyokosekana dirishani hununuliwa nje. Gharama hizi huja usiku, tena kwa vipande vidogo vidogo, na hapo ndipo mkopo wa simu hupata mteja. MoKash, iliyozinduliwa na MTN mwaka 2016 kwa ushirikiano na benki, ilitoza ada ya 9% kwa mkopo wa siku 30. Ada hiyo huonekana ndogo kwa sababu mkopo wenyewe ni mdogo. Lakini anayeurudia kila mwezi kwa mwaka mzima amelipa ada ya 108% ya kiasi alichokopa.

Mikopo hiyo ya simu hatimaye hufika kwenye kumbukumbu. Uganda ilitunga kanuni za taasisi za taarifa za mikopo, zijulikanazo kama CRB, mwaka 2005, na ya kwanza ikaanza kazi 2008. Taasisi zinazosimamiwa na Benki Kuu huwajibika kupeleka huko taarifa za wateja wao. UGAFODE, iliyofungua tawi Nakivale mwaka 2020, ni mojawapo. Duka halipeleki taarifa, wala kikundi cha akiba. Matokeo yake yanastaajabisha: mama aliyelipa daftari la duka na hisa za kikundi kwa miaka mingi bila kuchelewa huonekana kwenye mfumo kana kwamba hajawahi kukopa, ila kwa mkopo mmoja wa simu uliopitiliza. Mfumo unamjua kwa kosa lake tu.

Kaya nyingi zikibanwa hukopa kwenye simu ili zilipe kikundi, kwa kuwa aibu ya siku ya mkutano iko karibu kuliko tarehe ya simu. Mwezi unaofuata hukopa kwa mwingine ili zilipe simu. Wahasibu hushauri kinyume: deni lenye riba kubwa lilipwe kwanza. Ushauri huo ni sahihi kwa hesabu, na kwa anayepokea mshahara. Katika Base Camp swali la kutangulia ni nani ataikopesha kaya kabla ya mavuno yajayo. Mwenye duka asiyetoza riba yoyote ndiye anayeilisha. Akifunga daftari, kaya italazimika kwenda kwa mkopeshaji ghali zaidi. Kwa hiyo fedha taslimu, hata kidogo, ziende dukani kwanza, na ziende kabla ya tarehe, pamoja na maelezo.

Hoja ya kupinga ni kwamba taasisi isipolipwa itaripoti. Lakini taasisi huweza kuombwa muda kwa maandishi, na mkopo kupangiwa ratiba mpya kabla haujahesabiwa kuwa mbovu. Ofisa wa mikopo ndiye wa kupelekewa ombi hilo. Kikundi nacho huwa na mfuko wa jamii, uliowekwa mahsusi kwa ugonjwa na msiba, ingawa wengi huona haya kuuomba mpaka wameshachelewa. Simu haisikilizi maelezo ya mtu, na hiyo ndiyo sababu ya kuiepuka wakati wa dharura, zaidi hata ya ada yake.

Wakopeshaji binafsi wako chini ya sheria ya 2016 iliyounda UMRA, mamlaka ya kusimamia mikopo midogo. Sheria hiyo na kanuni zake zinakataza kuchukua hati za utambulisho kuwa dhamana. Kadi ya mkimbizi, ikiwa hati ya namna hiyo, haipaswi kukaa mfukoni mwa mkopeshaji. Mwishoni mwa 2024 serikali iliweka kikomo cha riba cha 2.8% kwa mwezi kwa wakopeshaji hao. Mkopeshaji wa mtaani, anayelaumiwa na kila mtu, amewekewa kikomo kilicho chini ya theluthi moja ya ile ada ya 9% ya mkopo wa simu.

Mwaka 2020 Kenya ilizuia taarifa mbaya za madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000 za Kenya kuingizwa katika CRB. Kikomo kama hicho kingewafaa wakopaji wa Nakivale, ambao kiasi kinachowachafulia jina mara nyingi ni nauli ya Mbarara. Cha maana zaidi ni kuingiza mema: vitabu vya vikundi vya akiba vina tarehe, kiasi na saini, na taasisi inayotaka kumpima mkimbizi asiye na hati ya ardhi ina ushahidi tayari humo.

Uhitaji wa kumbukumbu hizo njema hudhihirika zaidi mtu anapohama. Mkimbizi aliyepelekwa Marekani alisaini hati ya kulipa nauli yake ya ndege, mkopo usio na riba uliosimamiwa kwa kushirikiana na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, na malipo yake yaliingia katika kumbukumbu za mikopo za huko. Kwa wengi hayo ndiyo yaliyokuwa maandishi ya kwanza ya uaminifu wao, hata kama walikuwa wamelipa madeni miaka kumi Nakivale. Mpango wa kuwapokea wakimbizi Marekani uliposimamishwa Januari 2025, waliokwisha kuuza vyombo na mifugo wakingojea safari walijikuta wanahitaji kukopa upya, kwa wenye maduka wale wale waliokuwa wamekwisha kuwaaga.