Singida United na Msimu wa 2017/18

Kwa miaka mingi watu wa Singida waliifuata Ligi Kuu kwa redio na runinga. Singida United ilipopanda daraja na kuanza msimu wa 2017/18, ligi yenyewe ikaja mjini kwao.

Walima Alizeti, kama Singida United walivyojulikana, hawakupanda kinyonge. Mlezi wao alikuwa Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi na wakati ule Waziri wa Mambo ya Ndani. SportPesa waliweka udhamini. Benchi la ufundi alikabidhiwa Mholanzi Hans van der Pluijm, aliyekwisha kuipa Yanga ubingwa mara mbili mfululizo. Kutoka Yanga walikuja pia Deus Kaseke na kipa Ally Mustafa “Barthez”. Mudathir Yahya akaja kwa mkopo kutoka Azam, Tafadzwa Kutinyu kutoka Zimbabwe, Danny Usengimana kutoka Rwanda.

Uwanja wao wa Namfua mjini Singida ulikuwa bado kwenye ukarabati, hivyo mechi za mwanzo za nyumbani zilichezwa Jamhuri, Dodoma. Novemba Yanga walifika Namfua wakaondoka na sare tasa. Waliporudi Aprili 2018 ilikuwa robo fainali ya Kombe la Shirikisho, na safari hii lazima mmoja atoke. Dakika tisini zikaisha 1-1. Kwenye mikwaju ya penalti, Yanga, mabingwa watetezi wa Ligi Kuu, wakatolewa. Kwangu mimi hiyo ndiyo mechi iliyoifanya Singida kuwa mji wa mpira, kwa sababu tangu siku ile hakuna timu kubwa iliyokwenda kule ikihesabu pointi kabla ya kucheza.

JKT Tanzania wakafuata kung'olewa kwenye nusu fainali. Fainali ilipigwa Sheikh Amri Abeid, Arusha, tarehe 2 Juni. Mtibwa Sugar walishinda 3-2, wakaondoka na kombe pamoja na tiketi ya kucheza Afrika. Bao moja tu. Kwenye ligi Singida walimaliza nafasi ya tano, na mwezi huohuo wa Juni wakawa wa tatu kwenye michuano ya SportPesa mjini Nakuru, Kenya.

Haikudumu. Pluijm alikwenda Azam, wachezaji wakatawanyika, na mwisho wa msimu wa 2019/20 klabu ikashuka daraja. Timu iliyoegemea mlezi na mdhamini kuliko wanachama wake haikuwa na pa kushika walipopungua.

Baadaye mkoa ukapata tena timu ya Ligi Kuu. Singida Big Stars walikuja, kisha Singida Black Stars, zamani Ihefu ya Mbeya, ambao Septemba 2025 walitwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan. Tunawapongeza kwa moyo wote. Lakini njia ilifunguliwa na kikosi cha 2017/18, na ninawaomba chama cha soka cha mkoa na wenye Namfua waandike majina ya kikosi kile, kuanzia kipa hadi mtunza vifaa, kwenye ukuta wa uwanja.